Kore Kumi na Mbili za Kupeleka Ukweni

Mimi Malampaka siwezi kupita kimya kimya. Nikishuka tu kwenye gari, kabla hata sijafunga mlango, utasikia kutoka kwenye banda la chipsi, kutoka kwa kinyozi, kutoka kwa mama anayeuza ndizi ambaye ana umri wa kunizaa kabisa, "Poooooo!", halafu wanacheka mpaka wanashikana mabega, na mimi nacheka nao, ningefanya nini, maana aibu ile niliipika mwenyewe, nikaipakua mwenyewe, nikaila hadharani watu wakiangalia. Nawasimulia kwa sababu najua mmeshaisikia kwa wengine, na wengine wanaongeza chumvi (siyo kweli kwamba nilivunja kitanda, kitanda kililegea tu), kwa hiyo bora mnisikie mimi.

Kazi yangu mnaijua. Nina kibanda hapa Bariadi, nafufua kompyuta zilizokufa, natoa virusi, naingiza nyimbo kwenye flashi, na mtu akiniita fundi naitika, ingawa moyoni najua kwamba nusu ya ufundi wangu ni kuzima na kuwasha. Mwaka ule nilikuwa nimempenda Milembe, aliyekuwa anauza duka la dawa mtaa wa pili, na yeye alikuwa amenipenda, sasa kilichobaki ni nyumbani kwao Malampaka, kwa baba yake, Mzee Luhende.

Mzee Luhende ni dereva wa treni mstaafu. Siyo dereva wa kusimulia tu, ni dereva kweli, amekula ujana wake wote kwenye reli ya kwenda Mwanza, na alipostaafu akajenga nyumba hatua chache kutoka relini, akaweka kiti chake cha kamba upande huo, na treni ikipita anaikosoa kwa masikio bila kugeuza shingo: huyu kafunga breki mapema, huyu ana haraka ya chai, huyu atawamwaga watu. Kitu kimoja alikuwa anajivunia kuliko nyumba na kuliko ng'ombe zake, nacho ni kwamba hajawahi kupitiliza stesheni. Tangu apewe treni mpaka anairudisha, hakuna abiria aliyeshushwa kwenye mawe kwa sababu Luhende kachelewa breki. Rafiki yake Mzee Shija, aliyekuwa gadi wake (gadi ndiye yule wa behewa la nyuma, anayepunga bendera ya kijani treni iondoke), alikuwa anamchokoza kila siku kwamba kuna mara moja karibu apitilize, na Mzee Luhende alikuwa anakasirika kila siku kwa jambo lile lile.

Milembe akaniambia, "Baba hajakukataa, ila hajakukubali. Anauliza hiyo kompyuta inafanya nini ambacho mtu mzima anaweza kukiona kwa macho."

Hapo ndipo nikapata wazo, na wazo lenyewe lilikuwa zuri, hilo hamninyang'anyi. Kuna mchezo mmoja wa kompyuta wa kuendesha treni, wa zamani, una treni zake, una reli zake, una milima yenye theluji ya nchi za watu, na ukiuchokonoa kidogo unaweza kubadilisha mpaka vibao vya stesheni. Nikasema nitaingia ukweni na treni. Baba mkwe ataendesha tena, mbele ya wenzake, na stesheni ya mwisho nitaiandika MALAMPAKA kwa herufi kubwa. Milembe aliposikia alifumba mdomo kwa mikono miwili, akaniambia, "Maduhu, ukifanya hivyo baba atalia." (Alilia kweli, lakini siyo siku ile, na siyo kwa sababu ile.)

Sasa hapa nisikilizeni vizuri kidogo, maana mkasa wote umejificha hapa. Kompyuta ina ubongo wake, tunauita prosesa, na ndani ya prosesa kuna vibongo vidogo, tunaviita kore. Nilikwenda Lamadi kwa rafiki yangu Elisha, ananunua mashine chakavu za maofisini, nikapata kwake kasha moja zuri jeusi, zito kama gunia la mbegu za pamba, na Elisha akaniwekea prosesa mbili mezani, zote zinaingia kwenye mashine ile ile. Moja ina kore nne. Nyingine ina kore kumi na mbili.

Elisha akaniambia, "Huo mchezo wako ni wa enzi ambazo kompyuta ilikuwa na ubongo mmoja tu. Hata uupe kore mia, unatumia moja, nyingine zinakaa zinakodoa macho. Funga hii ya nne, chache lakini zina mbio. Hiyo ya kumi na mbili ni ya kazi za maofisi makubwa, kila moja peke yake ni goigoi. Ichukue tu, utamuuzia mtu."

Nikasikia. Nikaelewa kabisa. Nikarudi Bariadi, nikafunga ile ya kore nne, mchezo ukateleza vizuri ajabu, treni inapanda mlima, theluji inaruka, ukifunga breki inafunga, ukipiga honi inaitika. Mngekuwa mmenikuta siku ile mngedhani mimi ni mhandisi.

Jumapili asubuhi, siku ya safari, akaja baba mdogo Jilala, ambaye ndiye alikuwa mshenga wangu. Baba mdogo ni dalali wa ng'ombe mnadani, na mtu aliyezeeka mnadani ana namna yake ya kuuliza mambo, hakuulizi kitu kikoje, anakuuliza viko vingapi. Akaizunguka kompyuta, akaipigapiga mgongoni, akainama akaichungulia kwa nyuma (nadhani alikuwa anatafuta mkia), halafu akauliza, "Hii ina nguvu ngapi?"

Nikamwambia, "Ina kore nne, baba mdogo."

"Nne?"

"Nne."

"Nne tu?" Akakaa chini kabisa. "Maduhu ng'wanawane, mwanangu, mimi nisimame mbele ya wazee wa watu niseme tumewaletea mkwe wenu ana nne? Hata kuku hawapelekwi wanne ukweni. Yule kijana wa Maswa aliyekuja kumposa dada yake Milembe, wanamtaja mpaka leo kwa wingi wa ng'ombe aliowaleta. Huna nyingine ya kuongezea?"

Na mimi, badala ya kusema hapana, macho yakaenda yenyewe kwenye rafu, kwenye kopo la siagi nilimohifadhi ile ya Elisha. Hilo ndilo kosa langu, siwezi kumtwisha mzee wa watu. Nilikuwa nimesikia, nilikuwa nimeelewa, lakini nikajiona niko chini ya turubai la ukweni, watu wanauliza "ngapi?" na mshenga wangu anajibu "nne" kwa sauti ya chini, na damu ya Kisukuma ikanichemka, maana sisi tumelelewa hivyo jamani, zizi ni zizi likiwa limejaa. Nikasema, "Nina nyingine. Ina kumi na mbili."

Baba mdogo akasimama. "Sasa hapo ndiyo umeongea."

Nikafungua kasha haraka haraka, nikatoa ya nne nikaiweka kwenye kopo, nikapaka ile grisi nyeupe ya kupooza prosesa, nikafunga ya kumi na mbili, nikawasha, na skrini ikanionyesha safu ya vijidirisha kumi na viwili, kila kore na chake, baba mdogo akawa anavihesabu kwa kidole kimoja kimoja, akifika mwisho anaanza tena. Nilitaka kufungua mchezo nijaribu. Naapa nilitaka. Lakini gari tulilokodi lilikuwa nje linapiga honi, dereva anasema ana mzigo mwingine Maswa, na Milembe kule Malampaka anapiga simu kila saa anauliza mmefika wapi, nikasema aa, kilichoenda vizuri na nne kitashindwaje na kumi na mbili? Nikazima, nikabeba, tukaondoka. Kopo la siagi likabaki kwenye rafu.

Njia nzima sikutulia. Nimepakata kasha mapajani, kila shimo barabarani nalikumbatia, nikihisi kuna kitu nimesahau na sikijui ni nini, mara naangalia waya, mara naangalia shati, mara namuuliza dereva kwa nini anaendesha taratibu, mara kwa nini anakimbia, mpaka baba mdogo akaniambia nikiendelea atanifunga kamba.

Tukafika. Mimi nilikuwa nimetegemea wazee wachache na mkeka, kumbe Mzee Luhende ameita watu. Turubai limefungwa, viti vimepangwa, wastaafu wa reli wamekaa mbele na makoti yao, majirani nyuma, watoto juu ya ukuta, na pembeni (hili sikuliomba, naapia) mafundi wa kwaya wameleta spika mbili ndefu kuliko mimi, kwa sababu mzee amesema treni lazima isikike. Na mzee mwenyewe amevaa ile kofia yake ya kazi, imefuliwa, imenyooshwa.

"Mwadila, baba," nikamsalimia, nimeinama.

"Mwadila mhola," akajibu, macho yako kwenye kasha. "Ndiyo hii?"

Baba mdogo Jilala hakungoja. Akasimama katikati, akakohoa, akatangaza kama yuko mnadani, "Wazee wangu, kijana wetu hakuja na mashine ya kuazima! Ndani ya hili boksi kuna kumi na mbili! Kumi na mbili, zote nzima, hakuna kilema!" Watu wakapiga makofi, wazee wakatikisa vichwa, mmoja akasema "kumi na mbili si mchezo," na mimi Maduhu, mjinga wa Mungu, nikatabasamu.

Umeme wa kompyuta na spika tuliutoa chumba cha ndani, waya ukapitishwa dirishani, kwa sababu tundu la sebuleni lilikuwa limeungua. Chumba chenyewe ni cha wakwe. Na humo ndani alikuwa amejifungia mama mkwe, maana kwetu mnajua ilivyo, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawakutani mlangoni, hawapeani mkono, akipita huku wewe unapita kule, ndiyo heshima yenyewe. Basi yeye akaamua kukaa chumbani na ungo wake wa mchele, aangalie treni kwa upenyo wa pazia, bila yeye kuniona na bila mimi kumwona.

Mzee akakaa mbele ya skrini. Nilikuwa nimebandika vikaratasi kwenye vitufe: MWENDO, BREKI, HONI. Nikamwambia, "Baba, bonyeza hapa iondoke." Akanitazama kwa mshangao.

"Breki imepimwa?"

"Hiyo ni ya kompyuta, baba, haina haja."

"Treni haiondoki breki haijapimwa."

Basi akapima. Akabonyeza breki, akangoja, akaikunjia uso skrini. "Inachelewa," akasema. Nikamwambia itachangamka ikipata moto, maneno ambayo sijui niliyatoa wapi. Mzee Shija kutoka nyuma akapaza sauti, "Luhende, ondoa treni, abiria tunazeeka!" na watu wakacheka, na treni ikaondoka.

Mwanzoni ilienda. Kule porini hakuna kitu, theluji na reli tu, mashine ikajikongoja, picha zinarukaruka kidogo lakini wazee hawakujali, walikuwa wamesogea mpaka ukingoni mwa viti vyao kabisa, na Mzee Luhende mgongo umenyooka, mkono mmoja kwenye MWENDO mmoja kwenye BREKI, midomo inatembea anajisemea mambo ya kazi, na nilimwona amekuwa kijana. Kwa dakika hizo chache nilijua nimeoa. Milembe alikuwa mlango wa jikoni, akanikonyeza, na mimi nikaanza kuwaza suti.

Halafu tukaanza kuingia stesheni. Stesheni ina nyumba, ina watu, ina mabehewa mengine, ina miti, vyote hivyo vinataka kuchorwa kwa wakati mmoja, na ile kore moja goigoi ikaelemewa. Kabla ya stesheni kuna tambuko, pale barabara inapokatiza reli, na dereva mzuri hapiti tambuko bila honi, kwa hiyo mzee akabonyeza HONI, na honi ikalia, "Poooo," watu wakashangilia. Akaachia. Honi haikuachia.

Picha ikaganda. Kibao cha MALAMPAKA kinaonekana kule mbele, kizuri, herufi kubwa, na mzee anabonyeza BREKI, anabonyeza, anabonyeza tena, na honi inaendelea "poooooooo" kwenye spika za kwaya, na skrini imenuna. Halafu, ghafla, ikaamka. Ikaruka mara moja tu. Na ilipotulia, kibao cha MALAMPAKA kilikuwa nyuma yetu, treni imepita stesheni nzima, imekwenda kugonga mabehewa yaliyoegeshwa kule mwisho, na ikaganda tena hapo hapo, imeinama, watu wote wanaiona.

Palikuwa na kimya (ukiondoa honi). Halafu Mzee Shija, ambaye nadhani mdomo ulimponyoka tu, akapiga paja akasema, "Luhende, leo umetupitisha!"

Turubai zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka, maana nilikuwa namwona mzee. Alivua ile kofia taratibu, akaikunja, akaitia mfukoni, akainuka, akaenda kusimama kule kwenye kiti chake cha kamba, ametupa mgongo. Nilitamani ardhi inimeze na kompyuta yangu.

Na honi ndiyo kwanza inalia. Sasa mkumbuke tuko wapi. Tuko Malampaka, hatua chache kutoka stesheni yenyewe ya kweli, na siku ile ilikuwa siku ya treni, na treni ilikuwa imechelewa, na watu walikuwa wamelala kwenye mizigo yao tangu asubuhi. Wakasikia honi. Walichofanya ni kile ambacho hata wewe ungefanya: wameamka, wamejitwika magunia ya mchele, wamefunga watoto mgongoni, wamekamata kuku, wamejipanga relini. Treni haionekani, lakini honi inalia, tena karibu. Wakaanza kuifuata. Kule kwenye tambuko, vijana waliokuwa wanavusha ng'ombe wakarudisha ng'ombe mbio, ng'ombe wakaingia kwenye shamba la mtu, mwenye shamba akatoka na fimbo. Na mtu wa stesheni, na filimbi yake mdomoni, anakimbia huku na huku akiuliza kuna treni gani imeingia bila yeye kuambiwa.

Mimi nilikuwa nabonyeza kila kitufe. Ningeweza kuchomoa kawaya kadogo ka spika nyuma ya mashine, au kubana kile kitufe cha kuzimia, mtoto mdogo anajua, lakini akili ilikuwa imehama. Niliona waya mkubwa tu, unapanda, unaingia dirishani. Nikaufuata. Baba mdogo alinipigia kelele, "Maduhu, yaya! Hapana! Siyo huko! Yaya!" lakini sikumsikia, ama nilimsikia nikadhani anasema juu ya honi, nikaweka mguu kwenye ukingo wa dirisha, nikasukuma pazia, nikajitupa ndani.

Nilimwangukia mama mkwe.

Sijui niseme vipi ili isikike vizuri, haipo namna. Alikuwa amekaa kitandani na ungo mapajani, mimi nikatua juu ya ungo, mchele ukaruka mpaka darini, kitanda kikalia kikalegea upande mmoja, na tukatazamana uso kwa uso, karibu, mimi na mama mkwe, punje za mchele zimetuganda wote wawili. Akapiga yowe la kumwita mama yake, "Mayu weee!" Na mimi, sijui kwa adabu gani, nikamwamkia. Nikasema, "Mwadila, mayu," halafu nikachomoa waya.

Honi ikakata. Na katika kile kimya kipya sauti iliyosikika nje ni ya mwanamke mgeni kabisa, mwenye gunia kichwani na kuku mkononi, amesimama katikati ya turubai, anauliza, "Samahani jamani, treni imesimama wapi?"

Tuliondoka jioni ile bila kula. Ukweni ukiondoka bila kula umeshajibiwa. Milembe alinisindikiza mpaka kwenye gari, hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, aliniambia tu, "Hajawahi kupitiliza, Maduhu. Maisha yake yote. Na mimi ndiye niliyemwambia awaite watu."

Bariadi sikukaa wala sikusimama. Nilifungua ile mashine, nikaufungua mchezo, nikafungua na vile vidirisha kumi na viwili pembeni, kitu ambacho ningekifanya asubuhi ile nisingekuwa nawasimulia haya. Kimoja kimejaa mpaka juu, kinahema. Kumi na kimoja vimelala bapa. Nilikuwa nimepeleka zizi zima shambani, na plau imefungwa kwa ng'ombe mmoja, tena mzee, wengine wako pembeni wanacheua. Nikaenda kwenye rafu, nikachukua kopo la siagi, nikidhani sitaikuta, nikaikuta. Nikairudisha ya nne, nikaujaribu mchezo asubuhi, nikaujaribu mchana, nikasimamisha treni pale Malampaka mpaka wateja wakaanza kunionea huruma.

Baba mdogo Jilala akarudi na majibu, safari hii sauti imeshuka. "Mama mkwe unampelekea mbuzi kwa kumwangukia, hilo wameshapitisha. Mzee yeye anasema hana ugomvi na wewe. Ana ugomvi na stesheni. Anasema amepitiliza mbele ya watu, basi asimame mbele ya watu wale wale. Na wa kuwaita ni wewe, kwa miguu yako."

Basi nikawaita. Nilizunguka Malampaka mlango kwa mlango, kwa kinyozi, kwa chipsi, kwa mwenye shamba lililokanyagwa (huyu nilimwomba radhi mara tatu, ya tatu akiwa ameshika fimbo), kwa mtu wa stesheni, na kila mlango nikigonga wananiitikia "Poooooo!" kabla sijasema shikamoo. Sikuwahi kutembea mji mdogo ukawa mrefu vile. Lakini walikuja. Walikuja wengi kuliko mara ya kwanza, sijidanganyi, walikuja kuona mimi nitaangukia nani.

Spika za kwaya nilizikataa. Kofia mzee hakuivaa, aliishika mapajani. Mtu mmoja akauliza safari hii ni ngapi, nikainuka nikasema mwenyewe, "Nne," na baba mdogo Jilala akaangalia chini, watu wakaguna, nami nikakaa. Mzee akapima breki. Ikashika. Akapima tena. Akanitazama mara moja kwa jicho la pembeni, akaondoa treni.

Sitawachosha na njia. Mkono wangu mmoja ulikuwa umeshika kiti, mwingine umeshika baba mdogo. Tambuko likafika, akapiga honi, honi ikalia, akaachia, ikaachia, na turubai lote likashusha pumzi. Kibao kikatokea. Mzee akaanza breki mbali, mbali kuliko ambavyo mimi ningefanya, polepole, akiachia akishika, kichwa ameinamisha anasikiliza kitu ambacho sisi hatukisikii, na treni ikaingia, ikapunguza, ikapunguza, ikasimama. Kichwa cha treni sawasawa na mwisho wa jukwaa. Hakuna hata abiria mmoja wa kwenye mawe.

Watu wakataka kushangilia, akainua mkono. "Subirini kwanza," akasema. "Watu wanashuka."

Na sisi wote, wazee wa reli, kinyozi, watoto wa ukutani, tukanyamaza kabisa, tunaitazama ile stesheni ya picha ambayo haina mtu anayeshuka, na mzee mkono uko kwenye breki, machozi yanamtiririka bila kuyafuta. Halafu Mzee Shija, yule yule, akainuka kutoka nyuma. Akatoa kwenye koti kitambaa cha kijani kilichopauka, akakikunjua, akakipunga juu ya kichwa, taratibu, kama alivyofanya miaka yao yote.

Mzee Luhende akakiona. Akavaa kofia. Akageuka kwangu, akasema, "Wewe ndiye abiria wa mwisho. Ingia ndani ukale."

Mengine mnayajua, wengine mlicheza kwenye harusi. Ile mashine iko Malampaka mpaka leo, na mimi nimeapa, mtu akinijia na mchezo wake au kazi yake, namuuliza kwanza inavutwa na ngapi, halafu naijaribu mpaka anichoke, hata gari liwe linapiga honi nje, hata mshenga awe nani. Baba mdogo nimemwachia uwanja wake wa mnadani, kule ataje idadi anayoitaka.

Ila mama mkwe bado ananikumbusha. Kila nikienda, nikifika uani, kabla hajaniletea maji kwa mkono wa mtu mwingine, husema kutoka nyuma ya pazia, sauti imejaa kicheko anachokizuia, "Maduhu, leo umekuja na ngapi?"

"Nne, mayu."

"Zinatosha," anasema. "Zungukia mlangoni."